Begi la Josie Liko Mlangoni

Barabara ya Mill,
Ziwa Alder.
10 Juni

Mpendwa mjukuu wangu Harlan,

Kuingia bunge la jimbo hakujakupa ruhusa ya kutopokea simu za bibi yako. Huna adabu.

Haya, hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni goti tu, lakini nyanya zangu nazipalilia mwenyewe. Dada yako na bintiye Josie wazima.

Sasa sikia. Yule Vernon Teague aliyefungwa kwa kumnajisi mtoto wa jirani yake yuko huku. Trela lake, ile nyumba ya magurudumu anamolala, ameliegesha ziwani, uzio mmoja tu kati yake na kambi ya watoto wa kanisa. Nilimkuta kwenye karamu yetu ya samaki akiwagawia watoto mahindi. Unatujua, anayekuja mikono mitupu tunampa mwiko, hatumuulizi katokea wapi. Safari hii tumekosea.

Nilimwendea sherifu, mkuu wa polisi wetu. Ati sheria inamtaka mtu wa kosa kama hilo ajiandikishe polisi, majirani wajue alipo, pale tu akikaa mahali wiki nzima. Basi Vernon kabla ya wiki kwisha hulivuta trela mpaka ziwa la pili, kisha huyo, karudi. Nilimfuata pale bombani nikamuuliza. Akacheka: "Bi Opal, mimi msafiri tu. Msafiri hana anwani."

Nikamwambia, "Konokono naye msafiri, Vernon, na nyumba yake twaiona."

Mswada wa kuziba tundu hilo nasikia uko kwenye kamati yako, umeukalia, kisa wanaokodisha viwanja vya matrela watanuna wakikosa wateja. Wanune. Wao walikupa kura, mimi nilikufunga nepi.

Si kwamba una roho mbaya. Wewe ndiye uliyelala jikoni na kifaranga kilichovunjika mguu, ukakataa hata kwenda shule. Mtoto yule namtaka leo hapo kwenye kiti chako.

Josie nimemzuia kwenda kambini. Analia, hataki kulitoa begi lake mlangoni. Wenzake wanakwenda Jumatatu.

Msalimie mkeo Denise, na mwanao Walt mbusu kichwani. Mungu akutunze, akupe na uti wa mgongo usimame wima.

Alhamisi kamati ikikaa, utoe mswada huo ukapigiwe kura. Jumapili uje kanisani uwaambie wazazi wote, kabla watoto hawajaondoka, nani yuko nyuma ya uzio. Kisha upite hapa, umweleze Josie mwenyewe kwa nini haendi.

Akupendaye hata akiwa amekasirika,
Bibi Opal