Nilijibu "Kidogo"

Jumamosi, Buswelu

Neema anakwenda, mimi nabaki. Wiki mbili nzima Jinja, Uganda, na vijana wa usharika wetu, kupiga makasia kwenye maji ya kasi ya mto Nile. Mimi nimekulia Kamanga, kando ya ziwa, naogelea tangu sijaanza shule. Yeye hata kwenye beseni atashika ukingo.

Kosa ni langu. Mchungaji alipotuuliza mmoja mmoja kama tunajua kuogelea, niliinamisha kichwa nikasema, "Kidogo, mchungaji." Ndivyo nilivyolelewa, mtoto wa kike hajisifii mbele ya wakubwa. Neema akasema, "Sana!" Akaandikwa.

Leo mchana kaja hapa na soda mbili. "Dada Rhoda, nisaidie. Nikizama kule nitaaibika."

Ataaibika! Mimi nilidhani mtu akizama anakufa.

Nikampeleka ziwani. Nikamlaza chali juu ya maji, mkono wangu chini ya mgongo wake. Anarudia tu, "Usiniachie, dada." Na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kumwachia. Kidogo tu, anywe mafunda mawili matatu, kisha aende mwenyewe kwa mchungaji akaseme ukweli.

Sikumwachia. Jua limezama bado nimemshika. Mkono unauma mpaka sasa, hata kalamu naishika kwa shida.

Lakini wakimuuliza kule nani kamfundisha, asithubutu kusema "rafiki yangu mmoja." Ataje jina langu. Lote, mpaka la baba.