Mzee Ngoja

Nachingwea, Jumatano

Dada yangu Mwantumu,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watoto, na kifua cha Hafidha kiwe kimeachia. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ningekubadilishia sauti, unanijua. Karatasini sina pa kujifichia.

Najua umekasirika. Shemeji Idd kaniambia unasema nimekuwa mtu wa Dar, nimetoroka msiba wa baba kabla ya kisomo cha siku ya tatu, nimekuachia wageni na masufuria. Una haki. Ila sikukimbia kazi.

Unakumbuka nilivyoanza jukwaani hapa Nachingwea. Kikundi kilikuwa na watu wanne tu, kwa hiyo katika mchezo mmoja nilikuwa askari, mganga na bibi kizee. Kwenye runinga nimekuwa padri, tajiri, mwizi wa ng'ombe, hata maiti. Watu walipishana nami barabarani wasinijue, nami nikajivunia. Kisha akaja Mzee Ngoja, yule wa kigugumizi, ambaye neno likimkwama hupiga paja na kusema "ngoja". Huyo ndiye aliyenipa jina nchi nzima. Sikumtunga, na wewe ulijua nimemtoa wapi.

Tulipotoka kumzika baba, mtani wetu Kasmiri akavaa koti la baba na kuanza kumuigiza, kama desturi yetu. Akapiga paja. Nilicheka huku nalia. Ndipo vijana wa nyuma wakasema Kasmiri anamuiga Mzee Ngoja wa kwenye runinga, wakanigeukia mimi na kunipigia makofi. Udongo wa kaburi la baba haujakauka, na kigugumizi chake kimeshakuwa changu. Nikashindwa kukaa.

Hilo si lote. Wewe husema ni uzee uliomfanya baba aache kwenda mnada wa korosho Ruangwa, akawa anakutuma ukamsemee. Haukuwa uzee. Kila alipofungua mdomo, watu walimwitikia "ngoja". Miaka miwili iliyopita alinipigia simu. Nadhani alikuwa ameifanyia mazoezi ile sentensi, maana aliisema yote bila kukwama.

"Mwanangu, huyo mzee mpe ugonjwa mwingine."

Nikamwahidi. Mwongozaji akasema watazamaji watanuna, nami sikubishana naye hata kidogo. Nimeendelea kupiga paja hadi kipindi cha mwisho tulichorekodi mwezi uliopita. Baba hakuniuliza tena. Kila nilipopiga simu alikuwa anakupa wewe uongee, nawe ukadhani masikio yake yamechoka.

Nisamehe, dada. Mchezo nimeuacha, ingawa najua nimechelewa. Arobaini nitakuja nyumbani Mbwemkuru ukiniruhusu. Wasalimie shemeji, watoto na majirani wote walioshinda nasi.

Nina ombi moja. Nikijaribu kumkumbuka baba akiongea, nasikia sauti yangu. Kama simu yako ina sauti yake popote, hata akiwa anafukuza kuku, nitumie.

Mdogo wako,
Ramadhani Seleman