Hita ya Chumba cha Baba

Jumatatu, 16 Juni 2025
Nimempoteza baba juzi Jumamosi. Hajafa. Amerudi kijijini kwake Migato na kibegi chake, eti nyumba yangu ina baridi. Nyumba ya vyumba sita, vigae mpaka jikoni, niliyoijenga kwa pamba na mashine ya kukoboa mpunga, bila msaada wa mtu! Na baridi yenyewe ya Bariadi ni miezi miwili tu.

Ilianzia kwenye jiko. Aliwasha mkaa, akaliingiza chumbani, akafunga madirisha. Nikalitoa mbio. Hewa ya mkaa haionekani, inaua mtu usingizini. Akasema amelala na moto tangu azaliwe na hajafa hata mara moja. Asubuhi akafunga kibegi.

Mke wangu Debora na watoto wako Mwanza kwa ajili ya shule. Nimekula kiporo.

Jumatano, 18 Juni
Fundi umeme Joakim kaja kupima chumba. Hita ya waya mwekundu: wati elfu mbili, uniti mbili kila saa, na mzee ataiangushia blanketi. Ya gesi inataka dirisha wazi — sasa joto la nini? AC ya joto na baridi inakula theluthi ya umeme huo, ila kuifunga ni bei ya ndama wawili. Ya mafuta, ile yenye mbavu: haina moto wa wazi, inajizima chumba kikipata joto. Nimechagua hiyo. Na kipimajoto cha banda la vifaranga.

Joakim akauliza mzee yuko wapi. Nikasema anakuja.

Ijumaa, 20 Juni
Hita imefika. Chumba cha baba kimetoka nyuzi 19 hadi 24. Nimekaa humo mpaka jasho likanitoka. Hita inalia tik, tik. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 22 Juni
Migato. Nikamsalimu Kisukuma: mwadila, baba. Ameitikia bila kuinuka. Nikaingiza kipimajoto kwenye kijumba chake: nyuzi 17! Mbili chini ya chumba changu kabla hata ya hita. Nikamwonyesha. Akauliza kama hicho kidude kinajua jana nani alipita kumsalimia.

Alikuwa kwenye shikome, moto wa kinyesi kikavu cha ng'ombe uwanjani, ambapo wazee huota na kupiga soga kabla ya kulala. Magese, jirani yake, akanitania: tajiri wa Bariadi, umekuja kutupima homa? Nikasema shikome hata mimi naweza kuwasha, uwanja ninao. Baba akajibu taratibu. Shikome ndani ya geti lililofungwa ni moto wa kuchomea takataka.

Nimerudi na gunia la kinyesi kwenye gari. Redio sikuwasha.

Jumatano, 25 Juni
Nimewasha nje ya geti, kando ya barabara. Viti vinne. Nikakaa kimoja.

Jirani wa mkono wa kulia — miaka minne simjui jina — akasimama. Mzee, kuna msiba? Nikasema hapana. Akatazama moto, akatazama viti. Akasema pole hata hivyo, akaenda zake.

Moto nje, viti nje. Ndiyo, ni msiba kabisa. Sikuliwaza hilo.

Alhamisi, 26 Juni
Jirani karudi na mkewe, Nyamizi. Wamebeba kuni na sukari. Nimekataa, wakaona ninajikaza tu. Wakakaa. Kumbe anaitwa Anatoli, mtu wa Mkula, anafuga kama baba. Nyamizi akauliza kwa sauti ya chini, umempoteza nani, kaka? Nikasema baba. Hajafa. Wakatazamana. Hawakuondoka.

Ijumaa, 27 Juni
Leo watu saba. Mmoja kaja na daftari la rambirambi, nimemnyang'anya. Hita iko chumbani, imezimwa.

Nimempigia mdogo wangu Zengo, anayekaa na baba. Nikamwambia mpelekee simu hapo alipo, weka sauti kubwa. Nikasema: baba, moto uko nje ya geti, kiti chako kiko upande usio na upepo. Mkaa hauingii ndani, hapo sibadiliki. Sitaki salamu, sitaki "tutaona." Unakuja au huji? Nijibu kabla ya kesho saa kumi na mbili jioni, maana Anatoli ameniuliza tunaanua matanga lini.