Pikipiki Bado Ina Jina la Mke Wangu

Wewe fundi wa injini, mwaka mzima hujakanyaga mlangoni kwangu! Redio uliyonitengenezea imenyamaza tena, nikadhani umekufa. Kumbe aliyekufa si wewe. Haya, mjukuu wangu kanisomea barua yako, na inachapwa hapa gazetini jinsi ilivyo.

*Bibi mpendwa, shikamoo, nisaidie maana sina mwingine wa kumweleza. Unajua mimi na mke wangu tunaishi kwenye mashua, nchi hii mwezi mmoja, ile mitatu, na pikipiki yetu ndogo tunaifunga sitahani, tukifika bandari tunaishusha. Kadi ya umiliki ina jina lake. Bibi, mke wangu alifariki bandari tuliyotoka kabla ya hii, homa ya siku nne tu, nikamzika kule, na siku kumi baadaye nilipofika hapa nikaambiwa pikipiki ya kigeni inaruhusiwa miezi sita na lazima mwenye kadi awe nchini, basi mkono wangu ukaandika kwenye fomu: watu wawili. Nilitaka tu usafiri wa kazini. Wiki ya kwanza mlinzi wa geti la bandari akaniambia, "Shemeji kapita na pikipiki sasa hivi, leo hata hasalimii, mmenuniana nini?" nikacheka, nikasema ndiyo. Halafu siku niliyoshinda kitandani na mafua nikakuta mita ya pikipiki imesogea kilomita sita, kiti kimelowa maji ya chumvi. Mwezi uliopita nikaenda forodha kusaini karatasi ya kila mwezi, afisa akasema, "Mkeo kashasaini asubuhi," akanigeuzia daftari, na mwandiko ni wake, Bibi, na ule mkia wa sahihi anaouvuta mpaka ukingoni. Miezi sita inaisha Ijumaa. Afisa anasema twende wote wawili kuomba muda, la sivyo pikipiki inazuiwa. Nikisema ukweli watamfuta. Nikinyamaza, ninachoogopa siyo kwamba hatakuja.*

Mwanangu, pole. Pole tena. Mtoto yule alinisuka nywele kwa mikono yake, na wewe umemzika ukakaa kimya! Ningekuwa karibu ningekuchapa, kisha nikakulalia begani tulie wote.

Sasa nisikilize. Kama ni yeye au si yeye, mimi sijui, na sikuambii umerukwa na akili. Ninachojua ni kwamba ulimwandika kati ya walio hai ili upate usafiri. Umemtuma kazi marehemu. Anasaini, anapita getini, hasalimii mtu. Unadhani anafurahi? Mtu aliyechoka huyo!

Ufunguo uweke kabatini leo. Hata bima ya pikipiki hiyo ni ya mtu aliyezikwa. Ukimgonga mtoto wa watu, utamwambia mama yake nini? Usingoje Ijumaa. Kesho nenda forodha, kwa miguu, na cheti cha kifo ulichokificha. Usizunguke. Sema, "Mke wangu alifariki kabla sijafika. Nilidanganya." Watakufokea, nyamaza. Watakuandikia kosa, likubali. Wakimaliza, uliza mume aliyefiwa anafanyaje kadi iwe kwa jina lake mwenyewe, na mtu anayeishi majini aandike anwani gani. Wakisema pikipiki irudi sitahani isishuke, funga kamba. Wakiichukua, waache, una miguu.

Na kalamu ikipita juu ya jina lake, usigeuze uso. Mwambie kwa sauti, hata afisa asikie: "Kazi imekwisha, mke wangu. Kapumzike." Halafu toka nje. Ukisikia injini ikiwashwa nyuma yako, usikimbilie.

Ukija kwangu tena, na uje mwezi huu, shika kadi mpya mkononi. Mimi sijui kusoma, mjukuu atanisomea jina mlangoni. Likiwa lako, ingia ule. Likiwa bado lake, simameni hapo nje, nyote wawili.