Dawa ya Mifupa

Mabanga, Goma

Mutoto wangu Aurélie, huko Kinshasa,

Magoti yanauma kidogo tu siku hizi. Mama Kanyere wa jirani anakusalimia.

Tafazali, usitume tena ile dawa ya mifupa. Kila asubuhi niliimeza pamoja na dawa yangu ya zamani, tumbo tupu, nikikimbilia misa. Kumbe ya mifupa inazuia ile ingine isifanye kazi. Docta amepima damu: virusi vimepanda tena.

Ndiyo, virusi. Ulipouliza ninakunywa dawa gani, nilijibu ya tension, presha ya damu. Ni ya ukimwi, tangu papa yako alipokufa. Ungejua, ungeuliza docta kwanza.

Kopo la ile dawa ya mifupa nimeshindwa kulitupa. Juu yake uliandika: “Mama, usikose hata siku moja.”

Sikukosa, mutoto wangu.

Mama yako, Jeanine