Dola Zilizopakwa Mafuta

Chennai, Jumanne 4 Machi 2025

Chepkirui mwanangu,

Chamgei. Uko mzima huko Salgaa? Hoteli inaendeleaje bila mimi? Sisi tulifika salama. Baba yako bado anapumua kwa shida, lakini leo amemaliza uji. Upasuaji wa moyo ni Ijumaa.

Sasa sikia balaa. Dola za harambee zimekataliwa! Mwanamke wa kubadilisha pesa alizishika kwa ncha za vidole, akaziinua kwa taa, akanirudishia karibu nusu. Ati zina madoa. Ni yale mafuta ya Mchungaji Naftaly. Si unakumbuka nilimwambia afungue bahasha apake noti moja moja, ndiyo baraka ifike zote? Nimezunguka maduka manne, jibu ni lile lile. Nikajaribu kuziosha na sabuni, zikaharibika zaidi.

Hospitali inataka dola elfu moja na mia mbili zilizobaki kabla ya saa sita mchana Alhamisi, la sivyo kitanda anapewa mtu mwingine. Siwezi hata kukaa chini. Nifanye nini?

Mamako

Salgaa, Jumatano 5 Machi

Mama,

Poleni sana, na umsalimie Baba. Mimi ni mzima.

Noti moja moja, Mama? Nilikuambia tuweke pesa nyingine kwa kadi, ukasema kadi ni za matajiri wa Milimani. Basi kadi niliiweka kisirisiri kwa mfuko wa ndani wa koti la Baba. Angalia hapo.

Akaunti ilikuwa tupu. Leo mchana nikasimama katikati ya hoteli nikawaambia madereva ukweli wote. Nimewauzia chakula cha siku za mbele: elfu nne kila mtu, sahani ishirini. Kipngeno wa lori la mafuta alilipa wa kwanza, halafu akawapigia wenzake walio barabarani. Wamefika arobaini! Pesa iko benki tayari.

Piga ile namba ya nyuma ya kadi, uwaambie waifungue itumike nje. Ukilipa, namba za kuthibitisha zitakuja kwa laini yako niliyobaki nayo hapa. Zinakufa baada ya dakika tano. Usiachilie simu hata kidogo.

Mwanao,
Chepkirui

Alhamisi 6 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mama, zimeingia: 481906. Umeziona?

Saa tatu na dakika kumi na nne

Mama, jibu tafadhali! Zinakufa!

Saa tatu na nusu

Huko sasa ni saa sita. Simu yako haiingii. Nimeunguza maharagwe, na madereva wananiuliza habari ya Baba. Naogopa, Mama.

Chepkirui

Chennai, Jumamosi 8 Machi

Chepkirui wangu,

Chamgei tena, na unisamehe. Namba nilizipata, malipo yakapita, halafu simu ikazima papo hapo. Chaja yetu haiingii kwa ukuta wa huku, na jirani aliyekuwa akiniazima yake alikuwa ameshatoka hospitali. Leo ndiyo nimepata ya kununua.

Jana walimpasua Baba yako. Leo asubuhi amefungua macho, akauliza nani yuko jikoni. Nikamweleza vile ulifanya, akalia. Na mimi nimelia. Kuhusu kadi nilikosea, mwanangu, nakubali.

Hao madereva usiwapimie nyama vile mimi huwapimia. Wape mpaka waseme basi.

Na Mchungaji akikuuliza habari ya mafuta yake, mwambie yalifanya kazi.

Mamako