Mwezi Usio na Kamba

Musoma,
Jumapili, baada ya mvua

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Kaka Hemedi anayekusomea naye nampa shikamoo yake, asije akanung'unika kwamba nimemruka. Goti lako vipi? Ndege wamepungua, au bado unashinda dunguni ukiwafukuza? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mimi ni mzima kupita kiasi, na hilo ndilo linalonitia haya kuandika.

Mama, nina raha. Nyumba tuliyopewa na shule ina vyumba viwili na dirisha linalotazama ziwa. Rajabu akitoka kufundisha huanza kuniita akiwa bado njiani, hata majirani wameshaanza kumwigiza. Jumapili ananipikia ugali mgumu kama tofali, nami naumaliza wote. Najua mwana hamwelezi mamaye mambo haya, lakini nisipokwambia wewe nitapasuka. Kisha kila nikicheka nakumbuka kwamba niliondoka mtama haujakauka, nikakuachia ndege peke yako, na kicheko kinanikwama.

Barua ya Kaka ndiyo iliyonimaliza. Anasema umeacha kisomo, darasa nililokuwa nikilifundisha mimi. Ati ulimuuliza mwalimu mpya jambo, akakujibu, "Hilo halimo kitabuni, Mama. Wewe sema ba, be, bi." Na Kaka alipokuhimiza urudi, ukamwambia, "Darasa langu limeolewa, liko Musoma." Rajabu alicheka aliposoma. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, mpaka akanifuata akakaa karibu yangu.

Nalijua swali uliloliuliza, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kuulizwa. Tulikuwa wote dunguni asubuhi, kombeo lako mkononi, jua limeshatoka na mwezi bado uko juu ya mikorosho, mweupe kama kipande cha nazi. Ukasema, "Ule mbona hauanguki? Hauna kamba, hauna mti." Nikasema nitakwambia. Wiki ile ilikuwa ya harusi, kichwa changu kimejaa kanga na udi. Siku ya kuondoka, gari la kijiji linapiga honi, ukaniuliza tena. Nikakujibu huku namtazama Rajabu, "Nitakuandikia, Mama." Kisha nikakuandikia habari za mapazia na samaki wa ziwani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Sekondari tulifundishwa kwamba dunia inavuta kila kitu, nikaliandika hilo kwenye mtihani, nikapewa alama. Sikujiuliza hata mara moja kama ndivyo ilivyo, mwezi umenusurika vipi.

Basi nikamuuliza Rajabu. Akachora duara mchangani, akaweka mishale. Nikamwambia, "Mwalimu, Mama hatakula mishale. Nionyeshe kwa kitu cha shamba." Nikasokota kombeo la mkonge kama lako. Yeye mtoto wa Lindi mjini hajawahi kuamia ndege hata siku moja. Alipozungusha, jiwe lilimponyoka likatua juu ya bati la jirani yetu, Mama Nyangeta, naye akatoka na mwiko.

"Mwalimu, bati langu limekukosea nini?"

"Tunamtafutia mama mkwe jibu."

"Mkweo huyo ana maswali mazito," akasema, akakaa kwenye kinu chake atazame.

Nikalichukua mimi kombeo. Nikazungusha. Rajabu akauliza, "Mkono unahisi nini?" Nikasema jiwe linataka kukimbia, nami nalivuta. "Sasa liache." Nikaachia ncha moja. Jiwe halikuendelea kuzunguka, Mama. Lilikwenda mbele moja kwa moja mpaka migombani. Wewe hilo umeliona tangu utoto, nami nimeliona, lakini sikuwahi kuuliza kinachoendelea mkononi.

Kisha tukapanda jabali la nyuma ya shule. Akatupa jiwe polepole mbele yake, likaanguka karibu. Akatupa jingine kwa nguvu, likaanguka mbali. Akaniambia, "Yote yameanguka. Hili la pili limeanguka huku linakwenda. Sasa fikiri, dunia ni mviringo. Ukilitupa kwa nguvu kubwa mno, kila linaposhuka, ardhi nayo inainama chini yake." Nikaelewa, Mama.

Nilichokielewa simwachii Kaka akusomee. Usihofu, hakimwondoi Mwenyezi Mungu mahali pake. Huwa unasema Yeye ndiye aliyeushika mwezi, na mimi nimeonyeshwa tu kamba yake ilivyo.

Siwezi kuja kukufundisha. Na nikueleze lililo zito zaidi: sitaki kurudi. Nampenda mno huyu mtu, nayapenda hata mawe ya huku. Hilo ndilo linaloniuma ninapokufikiria umekaa nyumbani saa za kisomo, wenzako wakipita mlangoni na vibao vyao vya kuandikia. Nikose mimi, Mama. Usilikose darasa.

Nisalimie Baba Mdogo anayetuadhinia, na Shangazi aliyenifunda, mwambie mafundisho yake yanafanya kazi. Wifi yangu, mke wa Kaka, namtakia salama ya uzazi. Mwalimu mpya wa kisomo msalimie pia. Mwambie akiulizwa asilolijua aseme hajui, jambo ambalo mimi nilishindwa kulisema. Rajabu anakupa shikamoo na anaomba radhi kwa kuchukua darasa lako.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Zuhura

Kaka Hemedi, hapa simama. Yaliyo chini usimsomee hata akikuomba. Mpe karatasi, umwache aende nayo dunguni. Akikwama kwenye neno, mwalimu wake yuko palepale darasani.

MAMA,
MWEZI UNAANGUKA.
UNAANGUKA NA UNAKIMBIA.
DUNIA INAUVUTA KAMA KOMBEO LAKO.
KWA HIYO HAUFIKI CHINI.
SASA NAKUULIZA MIMI.
KAMBA IKIKATIKA, MWEZI UTAENDA WAPI?
ANDIKA WEWE. SI KAKA.
NANGOJA.